Nguzo Iliyosiribwa

Mchwa walikula nguzo ya kati ya nyumba ya Qamara, na Leonida alijua. Alijua kabla ya baba yake, kabla ya mama yake, na kabla ya jirani yeyote pale kijijini Ganako. Akanyamaza.

Mtu akikuambia mchwa ni wadudu wadogo, mwulize amejenga nyumba ngapi. Qamara aliijenga yake watu walipohamishiwa kijijini, wakaambiwa wajenge kwa mstari kando ya barabara, tena upesi. Mti mgumu wa msituni haukupatikana, kwa sababu msitu wa Ngorongoro ulikuwa umefungwa na walinzi wake hawakuwa na mzaha. Basi alijengea mikaratusi. Mkaratusi hukua haraka na hunyooka vizuri, lakini mchwa huupenda kama watoto wanavyopenda muwa.

Qamara alilijua hilo, akaweka sheria. Kila Jumamosi Leonida, binti yake wa miaka kumi na mitatu, alipaswa kuzunguka nyumba ndani na nje akiwa na kipande cha panga. Alitakiwa kutafuta vijia vya udongo vinavyopanda kwenye nguzo, maana humo ndimo mchwa wanamopita. Akikiona kijia, akikwangue chote. Kisha amwage majivu ya moto kwenye mguu wa nguzo na kupaka oili chafu, ambayo Qamara aliiomba kwenye karakana ya matrekta ya shamba la ngano. Mchwa hawapendi mwanga. Ukiwabomolea kijia chao, wanakauka.

Siku nyingine za Leonida zilifanana. Aliamka ukungu ungali juu ya mashamba, akawasha moto jikoni, akamkamua mbuzi, akampelekea Bibi uji, kisha akamburuta mdogo wake Clemensi hadi shuleni. Clemensi alikuwa na miaka minane na kila asubuhi aliumwa tumbo hadi kengele ilipogongwa.

Jumamosi jioni Qamara aliuliza. Alikuwa mtu wa hasira za karibu. Hakupiga ovyo, lakini sauti yake ilitosha kuwatawanya kuku uwanjani.

"Umekwangua?"

"Nimekwangua, Baba."

"Na ya kati?"

"Na ya kati."

Nguzo ya kati ndiyo iliyobeba nyumba. Juu yake lililala boriti la dari, na darini ndiko mahindi ya mwaka mzima yalikohifadhiwa. Chini ya dari hilo kilikuwa kitanda cha Bibi, mama yake Qamara, aliyelala hapo na Clemensi.

Mwaka ule wa 1978, mwezi wa sita, kamati ya usafi ya kijiji ilitangaza kwamba itapita nyumba kwa nyumba. Nyumba itakayopendeza kuliko zote itatundikiwa kibendera cheupe mlangoni.

"Kibendera kinakuja kwetu," alisema Germana, msichana wa nyumba ya pili, walipokuwa kisimani. "Mama ameleta udongo mweupe kutoka korongoni. Nyinyi kuta zenu zina mistari ya matope kama kamasi za Clemensi."

Wasichana wote walicheka. Leonida alijitwika ndoo yake kwa hasira hata maji yakammwagikia mgongoni.

"Utaona!" alisema.

"Nitaona nini? Kamasi zikikauka?"

Hasira hiyo Leonida aliifikisha nyumbani nzima, haikupungua hata tone. Kazi moja aliyoijua kuliko wasichana wote wa kijiji ilikuwa kusiriba. Alichimba udongo mwekundu, akauchanganya na samadi mbichi ya ng'ombe na majivu kidogo, akakanda mpaka ukalainika kama uji mzito. Alianza na kuta za nje. Kiganja chake kilipopita, ukuta ulibaki laini kama yai.

Alipofika ndani, kwenye nguzo ya kati, alikuta vijia viwili vinene vimepanda kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa chake. Alichukua kipande cha panga. Akasita. Akikwangua, udongo wote wa pembeni utabanduka. Itabidi akandike upya, asubiri ukauke, ndipo asiribe. Na kamati ilikuwa inapita kesho.

Akaweka panga chini. Akachota udongo kwa mikono miwili, akaupaka juu ya vijia vyenyewe. Akaongeza mwingine, akaizungushia nguzo nzima mpaka ikawa nene na mviringo kama nguzo ya kanisa. Mwisho akaichorea pembetatu nyeupe kwa majivu. Ilipendeza kweli.

Sasa sikiliza, wewe unayesoma. Mchwa hujenga kijia cha udongo ili kujificha. Ni kazi ngumu, chembe kwa chembe. Leonida aliwamalizia. Aliwajengea barabara nene kuliko waliyoweza kuijenga wenyewe, tena akaitia samadi, ambayo mchwa hula. Hakuna adui aliyewahi kupokewa vizuri namna hiyo.

Kesho yake kamati ilipita. Mwenyekiti wa kamati alisimama mbele ya nguzo, akaigusa pembetatu moja kwa kidole.

"Nani kafanya hii?"

"Mimi," alisema Leonida.

"Mama Leonida, una fundi humu ndani!"

Bernadina, mama yake, alicheka kwa furaha. Kibendera kikatundikwa. Germana alikiona akipita, akageuza uso kama aliyekanyaga mwiba.

Jumamosi iliyofuata Qamara aliuliza, "Umekwangua?"

"Nimekwangua, Baba."

Hakukwangua. Hakutaka kuharibu pembetatu zake. Jumamosi nyingine akasema vilevile, na nyingine tena. Uongo wa kwanza ulimpa joto masikioni. Uliofuata, ulimi wake uliuzoea.

Mwezi wa nane mlango wa mbele ulianza kukwama. Qamara aliusukuma kwa bega, akautukana, akaung'oa na kumpelekea fundi Raphaeli, seremala wa kijiji, aukate chini.

Raphaeli alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi. Aliupima mlango, akakuna kichwa.

"Qamara, huu ni mwezi gani?"

"Unaniuliza mwezi? Kata mlango."

"Ni kiangazi. Mlango wa mbao husinyaa kiangazi. Huu wako unakuaje? Unaulisha nini?"

"Ulikuwa mti mbichi. Kata."

"Nakata. Lakini mlango haukui, ndugu yangu. Tazama nyumba. Pengine nyumba ndiyo inayoshuka."

Qamara alikasirika. "Nyumba yangu ina kibendera cha kamati! Yako ina nini? Kuku darini?"

"Kuku wangu wapo darini kwa sababu dari lipo," alisema Raphaeli, akaanza kukata.

Leonida alikuwa ameshika upande wa pili wa mlango, na maneno hayo yalimwingia kama maji ya baridi. Waliporudi alingoja hadi watu wote walipotoka. Akaenda kwenye nguzo ya kati, akaisukuma kwa dole gumba, taratibu, kati ya pembetatu mbili. Dole likaingia lote. Ndani hapakuwa na mti. Palikuwa na udongo laini, unyevunyevu, na mchwa weupe waliokimbia huku na huku.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Baba yake angefoka, mama yake angefoka, lakini dari lilikuwa tupu na nguzo ingebadilishwa. Alichofanya ni kuchota udongo, kuliziba tundu na kulichorea pembetatu mpya.

Mavuno yalikuwa mazuri. Qamara na majirani walipandisha magunia darini, mmoja chini akisukuma, mwingine juu akivuta. Leonida alisimama kando ya nguzo akiwa ameiwekea kiganja. Kila gunia lilipotua, alihisi nguzo ikitetemeka kidogo mkononi mwake.

Germana, aliyekuja kusaidia kumenya mahindi, alimwona.

"Unaishika isikimbie?"

"Nenda kwenu!" alifoka Leonida. "Nani kakuita?"

"Mama yako kaniita. Una nini wewe? Umekuwa mkali kama jogoo wa mwalimu."

Leonida aliikandamiza nguzo kwa kiganja. Magunia kumi na manne yalipanda, na hakufungua mdomo.

Usiku huo hakulala. Aliwaza Bibi na Clemensi waliolala chini ya magunia yale. Asubuhi alikuwa na njia, na njia yenyewe ilikuwa uongo mwingine.

"Mama, Bibi na Clemensi wahamie jikoni. Kile kitanda kina kunguni."

"Kunguni?" alisema Bibi kutoka mlangoni. "Mimi na kunguni tunajuana kwa majina. Hakuna aliyenisalimia jana."

"Wapo, Bibi. Nimewaona. Wengi."

"Mimi nataka jikoni," alisema Clemensi. "Kuna joto."

Wakahamia jikoni, kwenye kibanda cha nje. Leonida akavuta pumzi. Alidhani amewaokoa watu bila kujichoma mwenyewe.

Lakini Bernadina hakuwa mwanamke wa kuachia kunguni kitanda. Jumamosi ile alichemsha sufuria kubwa ya maji, akaingia ndani, akaanza kumwagia miguu ya kitanda na kamba zake. Leonida alikuwa kisimani. Clemensi alimfuata huko akila muwa.

"Mama anawapikia kunguni wako," alisema.

"Wapi?"

"Ndani. Anataka kukitoa kitanda nje akianike juani, lakini kimekwama kwenye nguzo yako ya kanisa."

Leonida aliitupa ndoo. Alikimbia akipiga kelele tangu kwenye uzio.

"Mama, toka! Toka! Nguzo imeliwa!"

Bernadina alisikia anaitwa tu. Alikuwa ameinama, anakivuta kitanda kwa nguvu. Akainua kichwa, akageukia mlangoni, akapiga hatua. Hatua hiyo ndiyo iliyomponya. Mguu wa kitanda ulikuwa umeshagonga nguzo. Nguzo haikutoa hata sauti ya mti kuvunjika. Ilikaa chini kama mzee aliyechoka, na boriti likaja, na dari likaja, na magunia yakaja.

Vumbi lilitoka mlangoni kama moshi. Qamara alikuwa zizini. Alifika akiwa amekwisha kuvua shati, akaingia mzima mzima. Alimkuta Bernadina amelala kifudifudi karibu na kizingiti, boriti limemkandamiza bega. Majirani walikuja, wakaliinua boriti, wakamtoa. Alikuwa hai. Mkono wake wa kulia ulining'inia vibaya, na mfupa wa bega ulikuwa umesimama chini ya ngozi mahali usipopaswa kuwa. Bibi alivua kanga yake, akaufunga mkono huo kifuani huku akilia kwa hasira. Lori la shamba la ngano lilikuwa linapita. Wakampakia, akapelekwa hospitali akiwa na mama yake Germana.

Mbuzi aliyekuwa amefungwa mle ndani, pembeni, mwenye mimba, alikuwa chini ya magunia. Huyo hakutoka.

Raphaeli aliokota kipande cha nguzo. Alikivunja kwa vidole, kikamwagika kama mkate mkavu. Nje palikuwa na udongo uliosiribwa vizuri wenye pembetatu nyeupe. Ndani hapakuwa na kitu.

"Qamara," alisema, na safari hii hakutania. "Hii imeliwa kwa miezi. Nani aliifunika?"

Qamara aligeuka. Watu wote waligeuka.

"Mimi," alisema Leonida. "Niliona vijia, nikasiriba juu yake. Kwa ajili ya kamati."

"Uliniambia umekwangua."

"Nilidanganya."

"Ulijua lini kwamba imeliwa?"

"Uliporudi na mlango."

Qamara alihesabu kichwani. Mlango. Kisha mavuno. Kisha magunia aliyoyapandisha kwa mgongo wake mwenyewe.

"Ulikuwa umesimama pale," alisema. "Nilikuwa napanda na gunia, na wewe umesimama pale!"

"Ndiyo, Baba."

Alishika ufito uliokuwa umeanguka kutoka darini. Hakuna jirani aliyesogea. Leonida hakukimbia. Qamara aliuinua ufito huo, kisha akaurusha mbali sana, ukatua kwenye mabua makavu.

"Sikupigi," alisema. "Nikianza, sitajua pa kukomea. Ondoka mbele yangu. Chukua jembe, ukamtafute mchwa wako."

Bibi alimaliza yaliyobaki. "Kunguni!" alisema. "Umewasingizia kunguni wa watu! Mama yako kaingia kuua wadudu ambao hawapo, akaangukiwa na wadudu waliopo. Hata mchwa ana aibu kuliko wewe. Yeye anakula gizani, lakini hasemi kwamba ameshiba."

Kibendera kilikuwa bado mlangoni. Qamara alikinyofoa, akakitupa jalalani. Mwenyekiti wa kamati alikuwepo, akaona.

Leonida alichimba. Raphaeli alimwonyesha pa kuanzia, kwenye mguu wa nguzo, naye Leonida akafuata njia ya mchwa chini ya sakafu, chini ya ukuta, mpaka nje nyuma ya nyumba. Ardhi ilikuwa kavu na viganja vyake vilitoka malengelenge. Germana alikuja na jembe la kwao, akasimama.

"Sikuja kucheka," alisema.

"Cheka tu."

"Nitacheka tukimaliza. Sogea, unachimba kama unapalilia vitunguu."

Walimkuta malkia wa mchwa ndani ya chumba kigumu cha udongo, mnene na mweupe kama kidole cha mtu mzima. Raphaeli alimtoa, akawapa kuku. Shimo walilijaza majivu ya moto na kulishindilia.

Nguzo mpya ilitengenezwa inavyopaswa, na Leonida alifanya kila hatua kwa mkono wake, baba yake akiwa juu yake kama askari. Walimenya maganda yote, kwa sababu mchwa huanzia kwenye ganda. Walichoma mguu wa nguzo motoni, wakiugeuza, mpaka ukawa mweusi pande zote kwa kina cha ukucha. Waliupaka oili chafu ukiwa ungali wa moto ili iingie ndani. Waliusimamisha juu ya jiwe bapa, si juu ya udongo mtupu. Na sehemu ya chini, kutoka sakafuni hadi kwenye goti la mtu, haikukandikwa wala kusiribwa.

"Mbona hapo tunaacha wazi?" aliuliza Clemensi. "Ni pabaya."

"Paonekane," alisema Qamara. "Mchwa akipita, apite mbele ya macho yangu."

Majirani walisaidia kuinua boriti jipya. Walizipima nguzo nyingine zote kwa kuzigonga kwa nyuma ya shoka. Mbili zilitoa sauti ya debe tupu. Nazo zikang'olewa.

Bernadina alirudi kutoka hospitali akiwa amefungwa bega. Hakumwita Leonida siku ya kwanza, wala ya pili. Siku ya tatu alimwita jikoni, akamwambia akae.

"Mimi sina hasira ya udongo," alisema. "Mtoto anaweza kukosea kusiriba. Hata baba yako alikosea, alikata mlango badala ya kutazama nyumba, na nimemwambia. Mimi pia niliichekea ile nguzo kwa sababu ilisifiwa. Hasira yangu ni nyingine. Ulijua, na kila siku ulikuwa na mdomo."

"Niliogopa, Mama."

"Uliogopa nini?"

"Baba angefoka."

"Amefoka?"

"Amefoka."

"Umekufa?"

Leonida alitikisa kichwa. Machozi yalimdondoka mapajani.

"Basi shika hili. Kosa lililosemwa mapema lina bei ndogo. Ungesema siku ile ya udongo, bei yake ingekuwa nguzo kukandikwa upya. Ungesema siku ya mlango, ingekuwa nguzo moja na makelele ya baba yako. Ulificha, bei ikapanda, wewe unajua na sisi tunaolipa hatujui. Kazi uliyopewa ikikushinda, sema imekushinda. Ukiiharibu, sema umeiharibu. Usiipake udongo. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Sasa nihesabie bei imefika ngapi. Kwa sauti. Clemensi na Bibi wasikie."

Leonida alifuta pua kwa kiganja, akahesabu.

"Nguzo tatu. Boriti moja. Dari lote. Kitanda cha Bibi. Mahindi magunia matano, yaliyopasuka yakaingia udongo na maji. Mbuzi mmoja, na aliyekuwa tumboni mwake."

"Endelea."

"Bega lako."

"Na bega langu linamaanisha nini?"

Leonida alitazama nje, kwenye shamba la chini, ambalo mama yake ndiye aliyelilima kila mwaka, likingoja mvua.

"Hutalima mwaka huu," alisema. "Shamba la chini halitalimwa."

"Halitalimwa," alisema Bernadina.